Kutoka Ruksa, Kuingia Marufuku: Namna ya Kulinda Kompyuta ya Mradi

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika na wawakilishi wa wafadhili



Katika ratiba mada yangu imeandikwa "Ulinzi wa Kompyuta", na najua wapo waliojiambia kwamba hicho ni kipindi cha vijana, wazee wanaweza kutoka kidogo wakanywe chai. Naomba tusitoke. Jambo nitakalolieleza halihitaji ujuzi wa kompyuta. Linahitaji kujua tofauti kati ya mtu anayetoka ndani kwenda nje na mtu anayetoka nje kuja ndani. Tofauti hiyo kila mwenye nyumba anaijua.

Tunalinda nini?

Kwanza tukumbushane kilichomo. Katika ofisi ya kawaida ya miradi kuna kompyuta moja inayotunza karibu kila kitu. Ndani yake mna majina ya watoto yatima wanaolipiwa mahitaji ya shule, vijiji vyao na majina ya walezi wao. Mna daftari la huduma ya majumbani, ambamo imeandikwa nani anaishi na virusi vya UKIMWI na nani ameanza dawa. Mna orodha ya wafadhili na kiasi walichotoa. Mna hesabu za visima, za mbuzi wa maziwa na za vikundi vya kuweka na kukopa.

Fedha ikiibwa inaweza kutafutwa, na pengine ikarudi. Lakini jina la mama mmoja wa kijijini likishatoka katika daftari la huduma ya majumbani na kufika pasipostahili, hakuna awezaye kulirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yule hakutupa habari zake kwa kuwa anaiamini kompyuta. Alitupa kwa kuwa alimwamini mhudumu aliyekaa naye kwenye mkeka. Sisi ndio tulioziingiza habari hizo katika kompyuta, hivyo wajibu wa kuzitunza ni wetu.

Aidha, wajibu huu sasa umo katika sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya na za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti.

Kwa nini mlango huu upo

Kompyuta ninayoizungumzia ni ile inayoendeshwa kwa mfumo wa jamii ya Unix. Linux, ambayo ofisi nyingi ndogo huichagua kwa sababu hailipiwi, imejengwa kwa kufuata mfumo huo.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Wakati ule kompyuta ilikuwa kitu cha gharama kubwa. Mashine moja ilitumiwa na watu wengi, kila mmoja akikaa mbele ya kituo chake, akitaja jina lake na neno lake la siri, kisha akiendelea na kazi. Mitandao ilipokuja, ilikuwa jambo la kawaida kumruhusu mtu aliye mji mwingine aingie vilevile, kana kwamba amekaa hapo hapo. Zikaandikwa programu za kuingilia kwa mbali. Mbili zilizojulikana sana ziliitwa telnet na rlogin.

Ukarimu huo ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na hatari mbili. Telnet ilipeleka neno la siri mtandaoni likiwa wazi, hata mtu aliyesikiliza njiani aliweza kulisoma. Nayo rlogin iliweza kupangwa iamini kompyuta jirani bila kuuliza neno la siri kabisa: ukiwa umekubaliwa kwa jirani, umekubaliwa na hapa pia.

Tarehe 2 Novemba 1988 hatari hizo zilionekana. Mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja ya Unix hadi nyingine. Ilipita katika huduma zilizokuwa zikipokea wageni kutoka mtandaoni, ikabahatisha maneno ya siri yaliyo rahisi, na ikatumia ule uaminifu wa jirani kwa jirani. Inakadiriwa kuwa kompyuta zipatazo 6,000 ziliambukizwa, wakati intaneti nzima ilikuwa na kompyuta kama 60,000 tu. Mashine zilielemewa, na mafundi wakalazimika kuzitenga na mtandao ili kuzisafisha.

Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, aliandika programu ya SSH baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake. SSH huyafunga mazungumzo kwa maandishi ya siri, na ndiyo inayotumika hadi leo.

Je, kwa kuwa kufuli sasa ni imara, tuuache mlango pale pale? Hapana. Machi 2024 mtaalamu mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwa SSH katika kompyuta yake kulichelewa kwa karibu nusu sekunde. Alipochunguza, aligundua kwamba katika programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, kulikuwa kumepandikizwa kwa makusudi njia ya siri ya kumwezesha mtu fulani kuingia kupitia SSH. Matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameharibiwa. Miezi michache baadaye, Julai 2024, kasoro nyingine kubwa ilitangazwa katika programu ya mapokezi ya OpenSSH yenyewe, na wenye seva wakahimizwa kuirekebisha haraka.

Naomba tulielewe vizuri somo hili. Katika mambo hayo mawili ya mwaka 2024, aliyekuwa hatarini ni yule aliyekuwa na mlango wa SSH wa kupokea watu kutoka nje. Ambaye hakuwa na mlango hakuwa na kitu cha kubomolewa. Kufuli nzuri hupunguza hatari, lakini kila mlango unaoachwa wazi kwa dunia unahitaji mtu wa kuukagua siku zote. Ofisi zetu hazina mtu huyo.

Zamani tuliponea katika uhaba. Kompyuta iliunganishwa kwa laini ya simu dakika chache, barua pepe zikatumwa, kisha waya ukachomolewa. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na mingine ikafuata, mawasiliano yamekuwa ya kudumu. Ni baraka kubwa. Ila kompyuta iliyounganishwa usiku na mchana nayo hubishiwa hodi usiku na mchana. Wanaobisha si watu wanaotujua; ni programu zinazopita kila anwani duniani na kujaribu kila kitasa. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka vifaa vingi mno, vikiwemo kamera na vifaa vya kugawia intaneti, kwa kupitia mlango wa telnet na kujaribu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha.

Nani ameanza mazungumzo?

Sasa nije kwenye kiini. Wengine husema, "Mratibu, tukifunga mlango tutatumaje ripoti? Tutafunguaje barua pepe?" Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linalofanya kazi hii kuwa rahisi.

Katika mawasiliano ya kompyuta siku zote kuna anayepiga na anayepokea. Fikirieni simu ya mezani ya ofisi. Tunaweza kuomba simu ile iwe ya kupiga tu, isipigiwe. Karani atapiga benki na benki itamjibu, mazungumzo yataendelea pande zote mbili. Lakini mtu wa nje akiipigia, haiiti.

Kwenye Unix jambo hili ni rahisi zaidi, kwa sababu anayepiga na anayepokea ni programu mbili tofauti. Programu inayopiga inaitwa ssh. Inayokaa ikingojea wageni inaitwa sshd, nayo husikiliza katika mlango namba 22. Telnet ilisikiliza katika mlango namba 23. Ukiiondoa sshd, ssh inabaki nzima. Karani ataendelea kuingia katika seva ya mfadhili ng'ambo na kupeleka mafaili, lakini hakuna wa ng'ambo atakayeingia kwake, kwa kuwa mapokezi hayapo.

Juu ya hapo tunaongeza kizuizi. Hii ni programu inayokaa kama askari getini na kukagua kila kinachopita. Tangu Linux toleo la 2.4 lilipotoka Januari 2001, kizuizi cha Linux kina kumbukumbu: hukumbuka kwamba mtu wa ndani ametoka kwenda mahali fulani, na jibu la mahali hapo likirudi hulipitisha. Anayekuja bila kuitwa hana kumbukumbu yoyote getini, hivyo hurudishwa. Kanuni yake ni moja: aliyeitwa apite, asiyeitwa asipite.

Hatua nne

Hatua hizi ni za kompyuta yenye Ubuntu au Debian, na zichukuliwe na fundi akiwa amekaa mbele ya kompyuta yenyewe. Fundi aliyeingia kwa mbali akifunga mlango huu atajifungia nje.

Kwanza, tuone ni programu zipi zinazosikiliza. Fundi aandike:

ss -tln

Kila mstari utakaotokea ni mlango unaongojea mgeni. Wenye 127.0.0.1 unasikiliza ndani ya kompyuta hiyo tu. Wenye 0.0.0.0 au [::] unasikiliza mtu kutoka popote. Kamati ina haki ya kuuliza habari za kila mstari wa aina hii ya pili: "Huu ni wa nini, na nani anauhitaji?"

Pili, tuondoe mapokezi:

sudo apt remove openssh-server

Amri hii huondoa programu ya kupokea tu. Ile ya kupiga imo katika kifurushi kingine, openssh-client, ambacho hakiguswi. Kama kuna telnet ya kupokea, nayo iondolewe bila majadiliano.

Tatu, tuweke kizuizi:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw enable

Mstari wa kwanza unasema: wanaoingia wakatazwe. Wa pili: wanaotoka waruhusiwe. Wa tatu unakiwasha kizuizi, nacho kitajiwasha kila kompyuta inapowashwa. Kama kompyuta ya mhasibu inasoma mafaili yaliyo katika kompyuta hii, fundi aandike ruhusa ya kompyuta hiyo moja kwa anwani yake, asiifungulie dunia nzima.

Nne, tujaribu. Hatua hii ndiyo hurukwa, nayo ndiyo ya kamati. Fundi achukue kompyuta nyingine, ajaribu kuingia katika ile ya mradi kwa ssh, mjumbe wa kamati akiwa anatazama. Inatakiwa apate jibu la kukataliwa, au kimya mpaka muda uishe. Kisha arudi kwenye kompyuta ya mradi, afungue barua pepe na kutuma faili nje. Hiyo inatakiwa ikubali. Mambo yote mawili yakionekana, yaandikwe katika muhtasari wa kikao pamoja na tarehe.

Mtu anaweza kusema kwamba kifaa cha intaneti cha ofisi tayari kinawazuia watu wa nje. Mara nyingi ni kweli. Lakini kifaa hicho hicho huwagawia intaneti wageni wa hosteli, washiriki wa semina na vijana wa kwaya wanaokaa chini ya mwembe na simu zao. Hao wote wako upande wa ndani wa kifaa. Kizuizi cha kompyuta yenyewe ndicho kinachoilinda dhidi ya simu iliyoambukizwa ya mgeni asiye na hatia.

Pale kutoka kunapogeuka kuingia

Nisiwaache na amani ya uongo. Kuruhusu kutoka si jambo lisilo na hatari.

Kuna programu za msaada wa mbali, kama TeamViewer na AnyDesk. Mtu wa ndani akiiwasha, kompyuta yetu inatoka yenyewe kwenda kwenye seva ya kampuni, na mtu wa nje anaifuata njia hiyo hiyo hadi kwenye meza yetu. Askari wa getini hatamzuia, maana aliyetoka ni mtu wa ndani na aliyekuja ameitwa. Hata ssh ya kupiga inaweza kuamriwa itengeneze njia ya kurudi. Vivyo hivyo, karani akifungua kiambatanisho cha barua pepe asichokijua, anaweza kuwa amemwita mwizi kwa mkono wake.

Hivyo basi, kizuizi kiende pamoja na utaratibu: programu ya msaada wa mbali isiwekwe bila idhini ya maandishi, na mtu akipiga simu kujiita fundi wa kampuni fulani, karani asifungue chochote kabla ya kumuuliza katibu. Tena kizuizi hakimzuii mwizi anayebeba kompyuta yenyewe kupitia dirishani. Kwa huyo tunahitaji nondo, nakala ya akiba inayotunzwa jengo jingine, na diski iliyofungwa kwa maandishi ya siri.

Suala la fundi

Najua mahali ambapo mambo haya hukwama. Fundi wetu anaishi mjini, ofisi iko mbali. Yeye husema, na ana hoja, "Niachieni mlango mmoja niweze kuingia kutoka kwangu. Kazi ya dakika kumi, kwa nini nipande basi siku nzima?" Wahenga nao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Fundi huyu ni mtu mwaminifu, na hatumkatai kwa sababu ya tabia yake. Tatizo ni kwamba mlango unaoachwa kwa ajili yake haumtambui kwa sura. Unatambua neno la siri, na neno la siri likiibwa katika simu yake, aliyeliiba anakuwa yeye.

Pendekezo langu kwa kamati ni hili. Kanuni iwe kufunga. Ikitokea dharura ya kweli, mlango ufunguliwe kwa muda wa kazi hiyo, kwa fundi huyo peke yake, kutoka anwani moja inayojulikana. Atumie ufunguo wa faili badala ya neno la siri, na asiruhusiwe kuingia kwa jina la mkuu wa mfumo. Katibu awe amekaa mbele ya kompyuta wakati wote. Kazi ikiisha, mlango ufungwe, na lile jaribio la hatua ya nne lirudiwe hapo hapo.

Kwa kazi za kawaida, fundi aje mwenyewe mara mbili kwa mwaka. Hapa nawageukia wafadhili wetu kwa heshima. Mmetusaidia kununua kompyuta, na tunashukuru. Lakini katika maombi ya miradi kifungu cha kwanza kukatwa mara nyingi ni nauli na posho ya fundi, kwa kuwa kinaonekana ni gharama ya uendeshaji. Programu nilizozitaja leo hazinunuliwi hata kwa shilingi moja. Kinachogharimu ni mtu wa kuja kuziweka na kuzikagua. Nauli ile ikikatwa, fundi ataomba mlango, na kamati isiyo na fedha itampa. Tafadhali msikikate kifungu hicho.

Maazimio ninayoomba

Kabla ya kikao chenu kijacho, kila kamati iulize maswali matatu. Je, kuna mtu yeyote anayeweza kuingia katika kompyuta yetu akiwa nje ya ofisi? Kama yupo, ni nani, na nani alimruhusu? Je, tumejaribu kwa macho yetu na kuona kwamba asiyeruhusiwa anakataliwa?

Kamati itakayokosa jibu la swali lolote kati ya hayo itoe taarifa ofisi ya miradi, nasi tutapanga ziara ya fundi kwa zamu. Haitahesabiwa kuwa ni kosa kwa usharika wowote. Heri kuuliza mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hauwezi kujengwa tena siri za watu zikishatoka.

Maswali sasa yanaruhusiwa, na chai iko tayari.